Trachycarpus fortunei kwenye baridi ya Sheffield: tathmini ya mtu wa Pangani

Kama wewe ni mtu wa pwani, unaishi Ulaya, na unataka mti wa makuti usimame nje ya mlango wako kiangazi na kipupwe, nunua Trachycarpus fortunei. Mnazi hauwezi, hufa kwa baridi hata kabla ya jalidi kuanguka. Huu ni wa ukoo wake, na shina lake ni moja, limenyooka. Wangu uko nje, Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, hauna kibanda cha vioo. Umepita usiku wa nyuzijoto 7 chini ya sifuri, theluji imeulalia, na masika yalipofika ukatoa kuti jipya.

Mama yangu yuko Pangani. Nilipomtumia picha alijibu, "Mwanangu, mbona huo mkoma?" Hakukosea sana. Majani yake yamekunjuka kama kipepeo cha kupulizia moto, hayaning'inii marefu kama ya mnazi, kwa hiyo anayetaka umbo la mnazi wenyewe asiununue huu. Mimi kilichoniteka ni shina. Limevikwa kilifu kizito cha rangi ya kahawia, kile kile ambacho kwetu kilichujia tui. China, ulikotoka mti huu, watu wamesokota nyuzi zake kuwa kamba, brashi, hata makoti ya mvua.

Wala si mti wa kujaribiwa leo. Mskoti Robert Fortune aliukuta kisiwa cha Chusan, ambacho sasa huandikwa Zhoushan, na mwaka 1849 miche aliyoituma ilifika bustani ya Kew, London. Mmoja ulipandwa mwaka 1851 Osborne, kwenye makazi ya Malkia Victoria kisiwani Wight. Kwa hiyo umeshaonja baridi ya Uingereza kwa zaidi ya miaka 170.

Nilinunua kwenye kitalu kidogo ambacho miche yake hukaa nje mwaka mzima. Hilo ndilo swali la kwanza la kumuuliza muuzaji: mche huu umelala wapi kipupwe kilichopita? Uliolelewa ndani ya joto ukitolewa ghafla unaumia. Nililipa pauni 35 kwa mche wa kimo cha goti, kwenye chungu cha lita 5. Ulifika ndani ya boksi refu, majani yamefungwa kwa kamba ya katani, udongo una unyevu wa kiasi, na mizizi myeupe inachungulia matunduni. Kabla ya kuutuma, muuzaji alinipigia simu kuuliza udongo wangu ukoje. Nikamwambia ni mfinyanzi. Akaniambia nichimbe shimo pana, nichanganye kokoto, maji yasituame. Huduma ya namna hiyo ni adimu. Wapo wanaouza miti mikubwa yenye shina tayari kwa mamia ya pauni. Mimi sioni sababu. Mdogo ni rahisi kuuhudumia, na unazoea udongo wa kwako mapema.

Jirani yangu, mama mmoja wa Bukavu, alikwenda kwenye duka kubwa la mimea ambalo sitalitaja. Akauziwa Phoenix canariensis yenye lebo inayosema inastahimili baridi. Ni mti mzuri, majani yake marefu yanafanana kweli na ya mnazi, ndiyo maana macho yetu hukimbilia huko. Lakini jalidi kali inauchoma, na mche mdogo hauna ubavu wa kushindana nayo. Wake ulikufa, na duka likakataa kumrudishia pesa. Iliniuma sana, maana alikuwa ameupanda kwa furaha kubwa. Angalieni pia ile inayoitwa minazi ya Torquay. Hiyo ni Cordyline australis ya New Zealand, si ya ukoo huu kabisa, na kipupwe kikali cha 2010 kiliua mingi sana nchini hapa.

Sasa utunzaji, maana hapa ndipo watu wanapopotezea mti. Aliyekulia chini ya minazi anajua kwamba ukikata kilele, mnazi umekwisha. Huu nao una kilele kimoja tu. Maji yakiingia humo yakaganda, moyo unaoza polepole, na masika ukivuta kuti changa linakuja lote mkononi. Jalidi nzito ikitangazwa mimi hukusanya majani juu, nayafunga, kisha nafunika kilele kwa kitambaa chepesi cha bustani. Siweki plastiki, kwa sababu hufungia unyevu ndani. Siku zikipata joto nafungua, upumue. Shinani naweka majani makavu kwa unene wa kiganja. Na mahali pa kupanda ni ukuta unaotazama kusini, kwa sababu jua la huku halipiti utosini kama kwetu, linazunguka upande huo.

Kasoro zipo. Miaka ya mwanzo hukua taratibu mno. Upepo hupasua ncha za majani. Ukikaa mlimani kama wengi wa Sheffield, tafuta aina ya wagnerianus, majani yake ni madogo na magumu. Vikonyo vina meno madogo, vaa glavu. Na kama uko Uswisi, jua kwamba kuuza mti huu kumepigwa marufuku tangu Septemba 2024, kwa kuwa umeota wenyewe na kuvamia misitu ya Ticino.

Walioko kwenye baridi inayoshuka chini ya nyuzijoto hasi 15 kila mwaka, huu usiwatie tamaa. Ulizieni Rhapidophyllum hystrix ya kusini-mashariki mwa Marekani, inayovumilia hasi 20. Hiyo hukaa kichaka, hairefuki shina, na ina miiba kama sindano. Kwenye mji wenye baridi kali kama Minneapolis, kaskazini mwa Marekani, hata hiyo itataka kujengewa kinga.

Mimi naupa nyota nne kati ya tano, na kitalu nakipa tano. Nimeshaagiza wa pili kwa muuzaji yule yule. Nimemwomba autume mwishoni mwa Aprili, mizizi ipate kiangazi kizima cha kushika ardhi kabla jalidi haijarudi.