TAHADHARI: Furushi la plagini za WordPress la elfu kumi linalouzwa kwenye magrupu ya Dodoma

Wenye tovuti, na ninyi vijana mnaowatengenezea watu tovuti hapa Dodoma, someni hii kabla hamjalipa.

Kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya wajasiriamali na ya wanafunzi wa kompyuta. Anauza furushi la plagini (programu ndogo za kuiongezea tovuti uwezo) za WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, "za premium, za maisha" kwa shilingi elfu kumi. Ukilipa kwa simu anakutumia linki ya Google Drive, ndani kuna mafaili ya zipu kibao: za kupokea oda za vyumba, za duka, za fomu. Ukisita anajitolea kukuwekea mwenyewe, umpe tu jina la admini na nywila. Msimpe.

Nimesafisha tovuti ya lodge moja ya Area D iliyowekewa plagini ya kupokea oda za vyumba kutoka kwenye furushi hilo. Kilikuwa kipindi cha Bunge la Bajeti, ambapo vyumba mjini hapa vinagombaniwa, na mama mwenye lodge alikuwa haelewi kwa nini simu haziiti. Kila akifungua tovuti anaiona iko sawa. Kumbe mgeni anayetafuta chumba Google kwa simu yake, akibonyeza jina la lodge, anatupwa kwenye ukurasa wa kamari. Msimbo (code) hasidi uliofichwa ndani ya plagini unamtambua admini na kumwonyesha tovuti safi ili asishtuke. Hela ya msimu imeenda. Namba ya muuzaji haipatikani, na tangazo lilelile, neno kwa neno, liko grupu jingine kwa namba nyingine.

Ukimbana anakwambia "hizi ni GPL, ni halali kabisa". Hapo ndipo wengi wanaponaswa, kwa sababu nusu yake ni kweli. Plagini nyingi za WordPress zina leseni ya GPL, inayoruhusu kunakili na kusambaza. Lakini leseni hiyo haikuhakikishii kwamba nakala uliyopewa haijachezewa. Plagini ya kulipia huwa inadai ufunguo wa leseni. Aliyeondoa dai hilo ameingia ndani ya msimbo na kuubadilisha, na huna njia ya kujua aliishia hapo au aliongeza lake. Mwaka 2019 Wordfence, kampuni ya usalama wa tovuti, ilieleza jinsi kirusi cha WP-VCD kilivyosambazwa kupitia themu (mafaili ya mwonekano wa tovuti) na plagini zilizokrakiwa namna hii. Kikishaingia kinajipachika kwenye faili la functions.php la kila themu, kisha kinahamia tovuti nyingine zilizo kwenye akaunti ileile ya hosting (huduma ya kuhifadhi tovuti mtandaoni). Kijana uliyeweka wateja wako wote kwenye akaunti moja, hilo linakuhusu wewe kwanza.

Tuseme nakala ni safi. Bado haipokei masasisho. Septemba 2020 plagini ya File Manager, iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya 700,000, ilikutwa na tundu lililomwezesha mtu asiye na nywila kupakia faili lake na kuliendesha. Toleo la 6.9 liliziba tundu hilo. Likitokea la aina hiyo kwenye plagini ya furushi, dawa itatoka na wewe haitakufikia.

Kwa hiyo chunguza, hata plagini ya bure. Kwenye WordPress.org, hifadhi rasmi ya plagini za bure, angalia ilisasishwa lini, imejaribiwa na toleo gani la WordPress, na kama watengenezaji wanajibu watu wanaolalamika. Angalia pia kama imebadilisha mmiliki. Display Widgets ilikuwa plagini ya kuaminika yenye watumiaji wapatao 200,000. Ilipouzwa mwaka 2017, mmiliki mpya aliweka mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuiingilia tovuti. Jina la plagini litafute kwenye orodha za udhaifu za WPScan, Patchstack au Wordfence. Faili la zipu lifungue, utafute maneno eval, base64_decode na gzinflate, yanayotumika mara nyingi kuficha na kuendesha msimbo. Kuyakuta peke yake si ushahidi, lakini yakifuatana na mstari mrefu wa herufi zisizosomeka, liache. Jaribu kwanza kwenye nakala ya tovuti, kamwe si kwenye tovuti ya mteja. Na muuzaji akikuambia uzime plagini ya ulinzi kwanza "kwa sababu inasumbua", umeshapata jibu.

Wenye lodge mnashika majina ya wageni, namba za simu, hata za NIDA. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakutaka wewe uliyezikusanya uzilinde.

Kama ulishaiweka, kuifuta plagini hakutoshi. Rudisha bakapu ya kabla ya siku uliyoiweka. Kama huna, pakua upya WordPress, themu na plagini kutoka kwa wenyewe, na pitia orodha ya watumiaji uondoe admini usiyemjua. Badilisha nywila zote, pamoja na ya kanzidata na ya akaunti ya hosting, na zile funguo za siri zilizo kwenye wp-config.php ili aliyekwisha kuingia atolewe. Ukiwa na ufikiaji wa WP-CLI (zana ya kuendesha WordPress kwa kuandika amri), endesha wp plugin verify-checksums --all. Italinganisha plagini za WordPress.org na nakala halisi. Namba uliyoitumia hela iripoti kwa meseji kwenda 15040.