Kompresa ya mkanda, lita 100: maoni ya seremala wa Chake Chake

Anayetaka jawabu ya haraka aichukue hapa: kama kazi yako ni kupuliza vanishi au rangi kutwa, nunua kompresa (mashine ya kukandamiza upepo) ya mkanda, mota ya nguvu za farasi 3, tangi lita 100. Kama kazi yako ni kutia upepo Vespa na baskeli, hiyo usiisogelee, pesa zako zitalala bure. Mie ni wa kundi la mwanzo. Karakana yangu iko Machomane, natengeneza vitanda, makabati na milango, na mashine hii naitumia tangu masika ya mwaka jana.

Ilivyo ni hivi. Mota iko upande mmoja, kichwa, yaani pampu ya upepo, chenye silinda mbili upande wa pili, na mkanda unazunguka baina yao ndani ya kizimba cha waya. Kwa mpango huo kichwa huenda taratibu, mizunguko elfu moja hivi kwa dakika. Zile ndogo, ambazo kichwa kimefungwa moja kwa moja kwenye mota, huenda karibu 2,850. Mbio hizo ndizo zinazoleta moto na makelele, na ndizo zinazomaliza ringi za pistoni mapema.

Sasa lile ambalo wauzaji hawalisemi. Dukani utatajiwa lita za tangi na farasi za mota. Tangi ni ghala tu. La kuuliza ni lita ngapi za upepo zinatoka kwa dakika, na hapo khasa ndipo penye ujanja, kwa sababu kibati cha mashine huandika upepo unaovutwa na pistoni, si unaotoka. Changu kimeandikwa 0.36 kwa mita za ujazo, yaani lita 360 kwa dakika. Nikapima mwenyewe. Nilifunga koki, nikashika saa ya simu, nikatizama mshale wa geji ukipanda kutoka baa 6 hadi baa 8 (baa ni kipimo cha mkandamizo wa upepo). Baa mbili kwenye tangi la lita 100 ni lita 200 za upepo wa kawaida, ule wa nje usiokandamizwa. Ilichukua sekunde kama 50. Piga hesabu: lita 240 kwa dakika. Theluthi nzima ya namba ya kwenye kibati haipo! Simlaumu aliyeniuzia peke yake, maana nimesoma vibati vya maduka mengine na mtindo ni huo huo.

Bunduki yangu ya vanishi inataka lita 200 kwa dakika, kwa hiyo mashine inaitosheleza na kupata muda wa kupumzika. Mlango wa kabati naupuliza juu hadi chini bila kusimama. Mtoto wa dada yangu ana kibanda cha pancha Tibirinzi na kompresa yake ya lita 24. Siku moja akaniuliza, "Mjomba, si zote baa nane? Mbona husema yangu haipulizi?" Nikamwambia ailete. Kutoka baa 8 hadi 6, tangi la lita 24 linatoa lita 48 tu, na kichwa chake hakiwahi kuzirudisha. Hata ubao mmoja haukuisha. Upepo ukaregea, vanishi ikaanza kutoka matone, ubao ukaota vipele, na msasa ukarudiwa na yeye mwenyewe. Lakini kwa pancha ile yake inaishinda yangu: tairi la Vespa halifiki hata baa 3, jioni anaibeba kwa mkono mmoja, na uniti za Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, haimalizi.

Farasi 3 ni kilowati 2.2, na pale mota inapoanza kuzunguka huvuta mara kadhaa zaidi ya hapo. Pemba tunapata umeme wa Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010, na si haba, lakini magharibi watu wakirudi majumbani, mtaani kwetu umeme hushuka. Hapo mota hunguruma bila kuzunguka. Izime papo hapo, usiiachie iungue. Wala usiivutie waya mrefu mwembamba ili uisogeze kwenye kazi. Bora uongeze mpira wa upepo, mashine ibaki karibu na soketi. Jengine la kusikiliza: kila inapojizima lazima itoe "psss" fupi. Huo ni upepo uliobaki kwenye kibomba cha kichwa unaoachiwa ili mota isianze na mzigo. Siku usipousikia, mwite fundi kabla ya kuwasha tena.

Maji ndiyo adui mkubwa huku kwetu. Hewa ya Pemba ina unyevu, na ukiikandamiza maji yanajitenga na kutuama kwenye tangi. Kila jioni nafungua kizibo cha chini, na wakati wa masika yanatoka kikombe kizima, ya rangi ya kutu. Asiyeyatoa anakula mambo mawili. La kwanza vanishi kufanya ukungu mweupe mbele ya mteja. La pili ni la khatari, tangi kuliwa na kutu kwa ndani hadi kupasuka. Chujio la maji halikuja na mashine, nimelinunua kwa pesa mbali, nalo nimelifunga mwisho wa mpira na si penye tangi, kwa sababu upepo ukiwa bado wa moto maji yake hayashikiki.

Aibu nyengine za mashine hii: magurudumu madogo yasiyofaa popote pasipo saruji, bolti zilizoota kutu mapema, na uzito. Kutoka bandari ya Mkoani hadi hapa ilitaka gari na watu wanne wa kushusha.

Kuna aina nyengine mbili watu huniuliza. Ile ya kimya isiyotiwa oili ni nzuri kwa mwenye chumba cha meno au anayefanya kazi ndani ya nyumba ya watu. Upepo wake hauna mafuta, lakini bei, kwa upepo ule ule, ni kubwa. Ya petroli ni ya asiyekuwa na umeme, basi.

Na kuna vijana wa baharini wanaotaka kujaziwa mitungi ya kupigia mbizi, au kuvuta pumzi kwa mpira wakitafuta majongoo. Hapana. Mitungi ile hujazwa kwa baa 200, yangu mwisho 8, na upepo wake una mvuke wa oili. Ya petroli ni mbaya zaidi: ikivuta moshi wake yenyewe, aliye chini ya maji anakufa bila kujua kinachomuua. Kompresa za kupumulia ni mashine nyengine kabisa, zina machujio yake.

Vipuri havijanisumbua sana. Sahani za valvu niliagizia Unguja zikaja kwa boti. Mkanda unapatikana hapa hapa Chake, ni saizi ile ile ya baadhi ya mashine za kusagia. Nenda na ule wa zamani, namba imechapwa mgongoni mwake.