Jiwe la Mazeras kwenye meko ya zamani ya matofali

Kwa nyumba za zamani za Limuru au Nanyuki, ambako meko ya matofali yamekwisha kuwa meusi kwa moshi wa miaka, jiwe la Mazeras ni chaguo zuri la kuyafunika. Ni jiwe la mchanga linalochimbwa pwani, kando ya barabara ya Mombasa kwenda Nairobi. Rangi yake ya krimu yenye mikanda ya kahawia hung'arisha sebule, na hukatika vizuri kwa grainda yenye diski ya almasi.

Uzito ndio wa kuangaliwa. Jiwe la unene wa milimita 25 hufika kilo 55 hadi 60 kwa mita moja ya mraba. Meko ya mita 4 za mraba yanabebeshwa zaidi ya kilo 200. Nunua mita 4.5, maana pembe hula mawe.

Jiwe likidondoka, watu hulilaumu jiwe. Ligeuze uangalie mgongoni: mara nyingi gundi iko nzima, imeng'oka na ngozi nyembamba ya rangi au masizi. Ilishika masizi, nayo masizi hayakushika tofali. Kwa hiyo sugua kwa brashi ya waya, osha, acha ukuta ukauke kabisa. Rangi ya mafuta ibanduliwe kwa patasi hadi wekundu wa tofali uonekane. Ikikataa, funga wavu wa chuma kwa skrubu na plagi, kisha piga plasta ya simenti moja kwa mchanga nne. Gundi iwe ya simenti, ile ya mawe mazito, ipakwe ukutani na mgongoni mwa jiwe pia. Panga kuanzia chini. Chuma cha pembe kinachobeba mawe ya juu ya mdomo wa meko kiachiwe nafasi ya milimita 5 kila ncha, kwani kikipata moto hurefuka na kupasua jiwe la kona.

Ndani, pale moto unapowakia, usiliweke hata kipande. Jiwe hili hunywa maji. Likipigwa na ndimi za moto unyevu hugeuka mvuke na uso hubanduka magamba. Pale yabaki matofali ya kuhimili moto.

Dawa ya kuzuia madoa iwe ya kupenya ndani ya jiwe. Vanishi hugeuka manjano na kubanduka kwa joto. Subiri wiki 4 kabla ya kuwasha, na siku za kwanza tumia vijiti tu, magogo baadaye.