Kliniki ya sheria ya bure kwa wakimbizi, Katwe: nyota nne kati ya tano

Ndugu zangu mlioko Katwe, Nsambya na Makindye hapa Kampala, kama mna kesi ya kazi au ya makaratasi msikae nayo nyumbani. Kuna mawakili wanakuja Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa, hawaombi hata shilingi.

Nilimpeleka mdogo wangu, alikuwa anaosha vyombo kwenye mgahawa fulani mjini, bosi hamlipi na kila akiuliza anaambiwa wewe mkimbizi huna pamiti ya kazi, enda ushtaki tuone nani atafungwa. Maneno kama hayo yanatisha jamani, alishaamua kuiacha hiyo pesa. Wakili tuliyempata ni binti mdogo tu ila kazi anaijua, akafungua Sheria ya Wakimbizi ya 2006 akatuonyesha kifungu cha 29, mkimbizi aliyetambuliwa ana haki ya kutafuta ajira hapa Uganda, halafu akasema Sheria ya Ajira, nayo ya 2006, inatambua hata makubaliano ya mdomo, kwa hiyo mtu asikudanganye eti hukusaini kitu basi huna kesi. (Kama bado unasubiri uamuzi wa ombi lako hali ni tofauti, waulize kwanza.) Akatuandikia malalamiko ya kupeleka kwa afisa wa kazi, siyo polisi, na hapo ndipo wengi wetu tunapotea, tunakimbilia polisi na mshahara unaishia hukohuko. Akatwambia tukusanye meseji za bosi, malipo ya zamani ya mobile money na majina ya waliofanya naye kazi. Kesi inaendelea lakini bosi ameshalipa sehemu, tena bila kelele.

Sasa nyota niliyoibakiza. Meza zimebanana, unaeleza mambo yako na jirani wa mtaa yuko nyuma anasikia kila kitu. Mama aliyefanyiwa ubaya njiani akitoka Kivu, Kongo, atasemaje hapo? Wekeni hata pazia, nawaomba sana. Na mkalimani ni mmoja, anasema Kiswahili cha Nairobi haraka haraka, mabibi wa Fizi, hukohuko Kongo, wanaitikia tu ndiyo ndiyo bila kushika kitu, na hapo wanasaini.

Kingine kilichoniuma, kuna baba alikuja na barua ya OPM (Ofisi ya Waziri Mkuu, inayoshughulikia wakimbizi) ya kumkatalia hadhi ya ukimbizi, ya Kiingereza, ilikaa kwenye begi sababu hakuna wa kumsomea. Rufaa ni ndani ya siku 30 na zake zilishapita. Mawakili walikaa naye muda mrefu kuliko sisi wote wakitafuta njia, hilo nawasifu, ila hizo siku 30 zingetangazwa kanisani na msikitini kila wiki.

Mkienda wahini kabla ya saa mbili, namba zinaisha mapema, na bebeni kadi ya ukimbizi au atestesheni (ile karatasi ya kukutambulisha kama mkimbizi) yenyewe pamoja na fotokopi.