Deni limekwisha, programu imebaki: uzoefu wangu na simu ya mkopo

Kwa zaidi ya mwaka mmoja nimetumia simu niliyoinunua kwa malipo ya kila siku kutoka kwa wakala wa Mbagala Rangi Tatu. Deni limekwisha, na sasa naweza kuieleza huduma hiyo kwa ukamilifu, jina la kampuni nikiliacha. Masharti yalikuwa mepesi: namba ya NIDA, picha ya uso, namba za wadhamini wawili na kianzio cha shilingi 60,000, kisha shilingi 1,200 kila siku kwa mwaka mzima. Jumla inakaribia shilingi 500,000 kwa simu ambayo Kariakoo, kwa fedha taslimu, ilikuwa ikiuzwa takriban 300,000. Tofauti hiyo niliambiwa mapema na niliikubali. Mimi huuza vitenge, wateja wangu wengi huchagua kwa picha za WhatsApp, na hakuna benki ambayo ingenikopesha kwa dhamana ya meza ya vitenge. Kwa upande huo huduma imenisaidia, na simu yenyewe ni nzuri. Betri inamaliza siku.

Shida iko kwenye kufuli. Simu hizi huwekewa programu ya kuzifunga kwa mbali malipo yakichelewa, yenye mamlaka makubwa kuliko ya mwenye simu. Katika Android, mamlaka hayo yalibuniwa kwa ajili ya waajiri wanaowagawia wafanyakazi simu za kazi, na hutolewa wakati simu mpya inapoandaliwa kwa mara ya kwanza, yaani mezani kwa wakala. Kuanzia hapo mtumiaji hawezi kuifuta programu hiyo, na katika mifumo mingi hata simu ikirudishwa katika hali ya kiwandani kufuli hurejea inapopata intaneti, kwa sababu namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu yenyewe, imeshasajiliwa kwenye seva, kompyuta kuu za wanaoisimamia. Ndiyo maana kwenye mipangilio ya simu yangu kuna maandishi yanayosema kwamba kifaa hiki kinasimamiwa na shirika. Mimi si mwajiriwa wa shirika lolote.

Nilikuwa nikilipa kila jioni. Hata hivyo, asubuhi moja ya Jumamosi, ambayo kwangu ndiyo siku ya mauzo, niliikuta imefungwa, ikionyesha namba ya kulipia na kitufe cha simu ya dharura tu. Muamala wa jana yake ulikuwa umepita na fedha zilikuwa zimekatwa, ila mfumo wao ulikuwa haujazisoma. Ujumbe wa uthibitisho ulikuwa ndani ya simu ileile iliyofungwa, hivyo kumbukumbu ya muamala niliipata baada ya kuhamishia laini kwenye kiswaswadu cha jirani na kuomba taarifa ya miamala. Huduma kwa wateja walifungua jioni, bila maelezo na bila fidia. Mkopeshaji wa kawaida akikosea hesabu, mnabishana huku mali ikiendelea kufanya kazi. Hapa kosa ni lake, na anayesimamisha biashara ni mimi.

Hilo ningelisamehe kama kufuli lingeondoka pamoja na deni. Nilipolipa shilingi ya mwisho nilipata ujumbe wa pongezi, lakini programu haikutoka, na ruhusa yake ya kusoma mahali nilipo imebaki vilevile. Wakala alisema itajiondoa yenyewe. Makao makuu walisema nisubiri sasisho. Nimesubiri, sasisho limekuja, programu ipo. Kwa hiyo nina risiti ya simu ambayo mtu mwingine bado anaweza kuifunga akiwa ofisini kwake.

Uwezo wa aina hii hauishii kwenye mikopo. Julai 2009 kampuni ya Amazon ilifuta kutoka kwenye Kindle, vifaa vyake vya kusomea vitabu, nakala za vitabu ambazo wateja walikuwa wameshazilipia, na ingawa fedha zilirudishwa na mkuu wake, Jeff Bezos, akaomba radhi, wanunuzi walijifunza kwamba muuzaji alikuwa amebaki na mkono ndani ya kifaa chao. Wao walikuwa wamelipa bei yote mara moja. Sisi tunaonunua kwa mkopo tunaupokea mkono huo kwa saini, na sina pingamizi nao wakati deni lipo. Ninachokikataa ni kubaki kwake baada ya hapo.

Sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo mahususi na zisitunzwe kupita muda unaohitajika kwa lengo hilo. Lengo la kujua nilipo lilikuwa deni, na deni halipo. Nimeiandikia kampuni barua nikitaka iondoe programu, ifute taarifa zangu na za wadhamini wangu, na inipe uthibitisho wa maandishi kwamba IMEI yangu imetolewa kwenye seva yao. Wasiponijibu, nakala itakwenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi pamoja na risiti zote.

Anayetaka kununua kwa utaratibu huu amwombe wakala amwonyeshe, kabla ya kusaini, kifungu kinachosema programu itaondolewa lini na na nani. Katika mkataba wangu kuna kurasa kadhaa kuhusu kuchelewa kulipa, na hakuna hata sentensi moja kuhusu kumaliza.