Mboga za kununulia nyenje kabla hujalisha kuku, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho

Nyenje unayemfuga kwa boksi ili umlishe kuku, akikaa njaa siku mbili, kifaranga anameza miguu na ganda basi. Mwili wa nyenje una fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana, kwa hivyo kile umemjaza tumboni masaa 24 hadi 48 kabla ya kumtoa kina maana kubwa, usiokote tu majani yamebaki jikoni.

Namba moja kwangu ni sukuma wiki. Iko kila kona, ya mbao (shilingi ishirini) inatosha boksi nzima, kalsiamu iko ya kutosha na oksaleti ni kidogo, ile kitu hushika kalsiamu isiingie mwilini. Mimi huomba mama mboga yale majani ya chini yamekomaa, ni magumu lakini nyenje hawajali, usiku unawasikia wakitafuna na asubuhi unapata mishipa tu imebaki kama wavu.

Ya pili ni karoti, ama malenge, ama viazi vitamu vya rangi ya machungwa, chukua ile iko bei poa siku hiyo sokoni Marikiti ama Muthurwa. Hapo unapata vitamini A na pia maji, kata vipande vyembamba uweke juu ya trei ya mayai na hutahitaji bakuli ya maji, maana nyenje wadogo huzama. Lakini usiwape hiyo peke yake, kalsiamu yake ni kidogo.

Kabichi ni ya kusukuma siku tu. Spinachi na terere naziweka chini kabisa na watu hushangaa, kwa sahani yako ni mboga safi sana lakini oksaleti imejaa. Letusi na tango ni maji, pesa yako weka kwa sukuma.

Sasa hii tafadhali usipuuze: dawa ya shambani. Niliwahi kununua sukuma inang'aa, haina tundu hata moja, nikaiweka bila kuosha na asubuhi nikapata boksi nzima wamelala chali, miezi mitatu ya kazi. Siku hizi naosha na maji mengi, naanika ikauke, halafu naonjesha nyenje kumi kwa mkebe kando usiku mmoja. Majani yenye tundutundu ndio natafuta, mdudu ameshaonja mbele yangu.

Na siku ya kulisha bado wapake nyenje unga wa chokaa ya kuku kutoka agroveti, mboga peke yake haifikishi kalsiamu.