Rafu za stoo kwa nyumba za Mtwara: ipi ununue, ipi uache

Ukisema gereji, Mtwara nzima inakuelewa kwa fundi magari. Mimi nazungumzia lile banda la gari la nyumbani ambalo gari lenyewe limeshindwa kuingia, maana ndani kuna jenereta bovu, matairi manne, mabati yaliyobaki tulipopaua na baiskeli isiyo na mnyororo. La kwangu, Shangani, lilikuwa hivyohivyo kwa miaka. Nimenunua rafu za aina tatu kabla ya kupata inayodumu, kwa hiyo mpangilio huu, kuanzia ya kwanza hadi ya tano, umetoka mfukoni mwangu.

Kabla hujatoa hela, toa vitu. Vyote, Jumamosi asubuhi, vimwage uani. Karibu nusu ya mzigo wangu uliondoka na kijana wa vyuma chakavu na mkokoteni wake. Matairi niliyaondoa siku hiyohiyo, maana yakijaa maji ya mvua yanafuga mbu. Kilichobaki ndicho kinachohitaji rafu. Ukianza kwa kununua rafu, utachukua kubwa kupita kiasi kisha uijaze vitu vya kutupa.

Huku kwetu rafu ina maadui watatu: hewa ya chumvi, mchwa, na kwa wenye mikorosho, salfa. Huyu wa tatu ndiye aliyenifunza. Baba mkwe alileta mifuko miwili ya salfa ya kilo 25 akisubiri msimu wa kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, tukaiweka kwenye rafu ya chini. Mfuko mmoja ulikuwa na tundu. Salfa ikikaa kwenye unyevunyevu hugeuka tindikali taratibu, na chuma hakina ubavu nayo. Siku nafagia niligusa mguu wa rafu, kidole kikazama kama kwenye mkate uliolowa chai.

Rafu ile ilikuwa ya kufunga kwa bolti, ya bati jembamba lenye matundu, inayouzwa ikiwa imekunjwa ndani ya boksi. Hiyo naiweka ya nne. Ukiwa na haraka inapendeza, unaifunga nusu saa. Lakini rangi yake haifiki vizuri kwenye kingo za matundu, na kutu huanzia hapohapo. Halafu piga hesabu ya mzigo: ndoo tano za maji za lita 20 ni kilo 100. Weka mzigo huo kwenye ubao mmoja wa rafu hiyo, rudi baada ya wiki uone ilivyobonyea. Ukilazimika kuinunua, tafuta iliyopakwa zinki kama bati la kuezekea, na usiweke kizito juu.

Ya tano, yaani ya mwisho, ni rafu ya plastiki. Haishiki kutu, mchwa hawaitaki, lakini inapinda. Inafaa viatu na sabuni. Basi.

Ya kwanza ni fremu ya engo, vile vyuma vya umbo la L, ya kuchomelea, yenye mbao juu. Hii unamwagiza fundi, hununui dukani. Kwa rafu ya urefu wa mita 1.8, upana mita 1.2, kina sentimita 45 na ngazi nne, zinatosha engo nne za mita 6, fundi akikata kwa akili. Kwa juu, mbao tatu za futi 12, za inchi 1 kwa 8. Kila ngazi inapata vipande viwili, na kati yake unaacha nafasi ya vidole viwili ili hewa ipite. Ngazi ya chini iwe futi moja kutoka sakafuni, uweze kuingiza fagio na kuona kama mchwa wameanza kujenga. Rafu isigusane na ukuta, lakini ifungwe juu kwa fisha na skrubu isije ikaangukia mtoto.

Faida yake ni kwamba kila kitu kinatengenezeka. Mguu ukiliwa, unakatwa na kuchomelewa mwingine. Ubao ukioza, unabadilisha huo mmoja.

Ya pili ni rafu ya mbao tupu, na ningeipa nafasi ya kwanza kama si bei. Mkongo na mninga ni miti ya kwetu kusini, na kiini chake mchwa wanakiogopa. Hakikisha mbao zina alama ya nyundo ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, usije ukanunua kesi. Paini ni rahisi zaidi, ila chukua iliyotiwa dawa tu, na kila unapokata, paka dawa kwenye kichwa kilichokatwa.

Ya tatu si rafu hasa: ni ndoo na makontena ya plastiki yenye mfuniko. Misumari, nyaya, vipuri vya pikipiki, vyote vinakaa humo na kutu inapungua. Ndoo za rangi za lita 20 zilizotumika zinatosha. Andika kwa maka pen ubavuni, usiandike kwenye mfuniko, maana mifuniko hubadilishana. Salfa nayo ikae kwenye pipa la plastiki lililofungwa, mbali na chuma na mbali na cheche, kwa sababu inashika moto.

Chaga, zile pallet za mbao za kuwekea mizigo, sizipangi na hizo, kwa kuwa utazinunua vyovyote vile. Gunia la korosho au mfuko wa saruji usikae sakafuni. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, maji yalipita chini ya mlango wangu. Vilivyokuwa juu ya chaga vilibaki vikavu, na saruji iliyokuwa chini ikawa jiwe. Ukipata chaga zilizotumika, tafuta mhuri wa HT, maana yake zilitibiwa kwa joto. Zenye MB zilifukizwa kwa gesi ya sumu, ziache hukohuko.

Turudi kwa fundi wa kuchomelea. Wangu aliniambia, "Bosi, nitakuletea ikiwa imeshapigwa rangi, wewe ni kuingiza tu ndani." Nikamkatalia. Mwambie ailete bila rangi, uitazame kwenye jua: pita kila kiungo kwa kidole, penye tundu au palipodondoshewa tone moja tu la weldi, arudie mbele yako. Baada ya hapo piga msasa, paka redi oksaidi, ile rangi ya chini ya kuzuia kutu, mara mbili, ndani ya kona pia, kisha rangi ya mafuta. Mimi nilipitisha ya mwisho Jumapili jioni, na gari likalala ndani Jumatano.